Zebaki na moyo: sambaza wanaonewa

Ndugu Mhariri,

Zebaki ikitajwa hapa Bukavu, watu wanakimbilia kuacha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wakiogopa madhara ya moyo. Wanawaonea. Sambaza ni mdogo, chakula chake ni vijidudu vya majini, na haishi muda wa kutosha kukusanya zebaki nyingi. Wanaoikusanya ni samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao, kama papa wa baharini. Hata kwa hao, ushahidi kwamba zebaki ya samaki inaumiza moyo umegawanyika: Ufini mwaka 1995, wanaume wenye zaidi ya mikrogramu 2 za zebaki kwa gramu moja ya nywele walipata mshtuko wa moyo karibu mara mbili ya wenzao, lakini Marekani mwaka 2011 tofauti haikuonekana.

Kwetu zebaki inaingilia puani. Wachimbaji wananasa dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma zebaki itoke. Dhahabu ya machimbo ya Kamituga au Misisi ikifika mjini, mara nyingi bado ina zebaki kidogo. Mnunuzi anaiyeyusha tena, milango imefungwa kwa kuogopa wezi. Mvuke ule hauna rangi wala harufu, barakoa ya kitambaa haiuzuii, na mapafu yananyonya karibu asilimia 80. Zebaki inajazana kwenye figo. Figo zikiharibika, tansio inapanda na moyo unalemewa. Tena zebaki inakamata seleniamu, madini ambayo mwili unaitumia kuzuia mafuta ya kwenye damu yasichache na kuharibu mishipa.

Kinga ianzie machimboni, kwa retoti, yaani chombo cha kuchomea dhahabu yenye zebaki ili mvuke upoe na kurudi kuwa zebaki: chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linaloteremka kwenye chombo cha maji. Ziba maungio kwa udongo mbichi, funga kitambaa chenye maji kwenye bomba, choma nje, mbali na jiko la chakula. Mdomo wa bomba ukae juu kidogo ya maji, usizame: moto ukizimwa, chungu kinavuta maji ndani na kinaweza kupasuka. Ukifanya vizuri, zaidi ya asilimia 90 ya zebaki inarudi. Wengi wanaharibu mwishoni tu, wanafungua chungu kingali moto kwa haraka ya kuona dhahabu, na mvuke uliobaki unawapiga usoni.

Baadhi ya pomadi na sabuni za kung'arisha ngozi nazo zina zebaki, na inafika kwenye figo. Pakiti ikitaja kalomeli au merkiri, ambayo ni majina ya zebaki na chumvi yake, au ikionya isiguse pete ya dhahabu, iache dukani.

Anayeyeyusha dhahabu apimwe tansio, na mkojo wake upimwe zebaki. Nywele zinaonyesha hasa zebaki ya samaki. Kwake yeye majibu mazuri ya nywele hayana maana.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu