Kima wa ukutani alikosa nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niwatetee wachoraji wetu wa wanyama wa kuchekesha. Mmoja wao, hapa hapa Mbeya, amefutiwa kazi yake na hakuna aliyemsemea.

Wazazi wa shule moja ya msingi tulichanga fedha ili ukuta wa shule upakwe rangi na kuchorwa. Tukamwita fundi wa mabango ambaye wengi tunamfahamu kwa vibao vyake vya saluni na vya mama ntilie. Tulitegemea ramani ya Tanzania na jedwali la kuzidisha. Ramani aliichora, tena vizuri. Lakini upande wa pili alimchora tembo aliyebebeshwa gunia la viazi la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kipimo. Magoti yamempinda, masikio yamelala, jasho linamtiririka mpaka ncha ya mkonga. Juu ya gunia kakaa panya aliyevaa pama, kalkuleta mkononi, na kwa mkia wake anachomeka kiazi kimoja zaidi kwenye ile nundu iliyoshonewa kamba. Mbele kidogo kuna foleni ya mbuzi, kila mmoja na kikapu chake, wanamsubiri fisi mwenye aproni nyeupe awapimie nyama. Fisi anaangalia pembeni kama hana habari, huku ukucha wake mmoja umekandamiza mizani.

Kwenye kona ya chini, mahali pa jina la mchoraji, kulikuwa na kima mdogo mwenye nywele zilizosimama kichwani, kavaa koti zito la baridi na brashi kaichomeka sikioni. Huyo kima ndiye fundi mwenyewe. Ukimuuliza nani kachora, anakuonyesha kima. Ukimfuata na kazi asubuhi yenye ukungu naye hajisikii kushika rangi, atakwambia mzee bado yuko msituni. Wanaomjua mnyama huyo walitambua mara moja kuwa ni kipunji, kima wa misitu ya Rungwe. Wanasayansi walimgundua miaka ya 2003 na 2004, na mwaka 2006 wakampa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua siku zote. Kwa fundi anayejulikana na mtaa mzima ila hajaandikwa popote, sioni sura iliyomfaa zaidi.

Wiki chache baadaye ukuta ulipakwa chokaa, tembo na wenzake wakapotea. Tuliambiwa kwamba zile picha ni utoto na haziendani na hadhi ya shule, na kwamba mtu asiyeandika jina lake kwenye kazi yake ana jambo analificha.

Kuhusu utoto, nawakumbusha wakubwa wetu kwamba Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 jijini Dar es Salaam kwa vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Alichora nini? Chui, tembo, ndege, fisi. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na mpaka leo mtindo wenye jina lake unalisha familia nyingi na picha zake zinatundikwa hadi Japani. George Lilanga naye, wa kule Masasi, alijaza picha zake mashetani wenye masikio makubwa, matumbo na vicheko, akaonyeshwa Ulaya na Marekani. Hakuna aliyewaambia hao wakue kwanza.

Hili la jina ndilo lililoniuma zaidi, maana limesemwa na watu waliokulia kwenye utani wa makabila. Sisi wa nyanda hizi tunajua kazi ya mtani. Mhehe na Mgogo wakikutana msibani, mtani anaweza kuficha jembe la kuchimbia kaburi mpaka alipwe, anaweza kumwiga marehemu alivyokuwa akitembea, anaweza kuutaja ubahili wake mbele ya wajane, na hakuna anayenuna. Angesema ndugu wa tumbo moja, kingewaka. Mtani amepewa nafasi ya kusema, na anaposema watu wanacheka na wanasikia. Kima wa fundi wetu ndiye mtani wake. Fundi anaishi mtaa mmoja na madalali na wenye mabucha, anawachorea mabango, anakopa kwao. Kuwaambia uso kwa uso kwamba wanaiba kwenye mizani hawezi. Kima anaweza.

Wala si jambo geni. Ali Masoud, ambaye nchi nzima inamwita Masoud Kipanya, amebeba jina la panya wake wa katuni, na panya huyo amesema mengi ambayo wanasiasa wasingependa kuyasikia. Ujerumani alikozaliwa mchoraji Max Ernst mwaka 1891 hawajui utani wetu, lakini naye alikuwa na ndege wake aliyemwita Loplop. Kuna picha zake ambamo Loplop ndiye anayesimama ameshika mchoro kifuani, kana kwamba maonyesho ni ya ndege. Ernst hakuwa anamkimbia mtu. Alihitaji mwenzake wa kuchezea, na kazi ikawa nzuri kwa sababu hiyo.

Siku picha zilipomalizika nilikuwa getini. Mama mmoja anayeuza viazi pale alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kusimulia, kwa sauti, jinsi alivyouza gunia la debe nane kwa bei ya debe sita, na wenzake wakaongezea ya kwao. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na lumbesa imekemewa kwenye mikutano mingi tu. Mimi sijaona mkutano uliowafungua wakulima midomo kama ule ukuta. Watoto nao walikuwa wanauliza maswali ya hesabu ambayo jedwali peke yake lisingewafanya waulize: debe mbili zilizozidi ni kilo ngapi, na fedha yake iko kwa nani?

Ninaiomba kamati ya shule imlipe fundi ile nusu ya fedha ambayo bado anadai, kisha imwite tena. Ukuta wa upande wa barabara bado hauna kitu. Wanaochukizwa na panya waje waseme kwenye kikao cha wazazi, tuwasikilize, badala ya kutuma mtu na ndoo ya chokaa. Na fundi akipenda kusaini kwa kima, aachwe asaini kwa kima.

Wewe Mhariri nakuomba umtume mpigapicha wako azunguke Mwanjelwa, Tukuyu, Makambako na Iringa mjini, apige picha za kazi za namna hii kwenye kuta na vibanda, mzichapishe ukurasa wa kawaida, si ule wa watoto.

Wako,
Mzazi na msomaji,
Mbeya