Ketamini isipigwe vyumba vya uani

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo linalonikosesha raha tangu mwezi uliopita. Mimi ni muuguzi mstaafu. Kwa miaka 27 kazi yangu ilikuwa kuwatia watu nusukaputi katika hospitali za hapa Pemba, na dawa niliyoishika kuliko zote ni ketamini.

Mwana wa dada yangu anauza nguo Chake Chake. Mzigo alikuwa akiufuata mwenyewe soko la Darajani, Unguja, mpaka meli ya Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na rafiki yake wa tangu chuoni akiwa ndani. Toka hapo bahari imemshinda. Akifika bandarini Mkoani moyo unamwenda mbio, viganja vinarowa jasho, pumzi zinambana, anajiona anakufa. Amesomewa, amekunywa makombe, amepimwa moyo mara mbili ukaonekana mzima. Sisi tunauita wahka. Ni maradhi kama maradhi mengine.

Mwezi uliopita alinijia baada ya magharibi, ana bashasha ambayo sijaiona kwake siku nyingi. "Mama mdogo, nimepata dawa. Sindano moja tu, wahka wote kwisha. Inaitwa ketamini, Marekani watu wanatibiwa nayo." Nikamuuliza nani atampiga. Kuna mtu mjini, akasema, ana chumba cha uani. Amekupima uzito? Hakumpima. Presha? Hapana. Ukikatika pumzi atakupulizia kwa kitu gani? Nani atakaa nawe mpaka akili ikurudie? Akainamisha kichwa.

Siitukani dawa hii. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985, na mimi najua kwa nini. Kabla Pemba haijaletewa umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010, jenereta ilikuwa ikizima katikati ya upasuaji, tukamalizia kwa tochi, na mama mzazi amelala anapumua mwenyewe. Lakini aliyepigwa ketamini halali kama mnavyojua nyinyi kulala. Macho yako wazi, yanachezacheza, na hayakuoni. Anapozindukana ndipo penye kazi. Mama mmoja alinikamata mkono akanambia ameuona mwili wake kitandani, naye yuko juu kwenye dari. Mwingine alilia akiwaita jamaa zake waliokwishakufa. Ndiyo maana tulikuwa tukinong'ona chumbani, na mapazia tumeyafunga. Sasa mtu ambaye hofu yake ni kufa, umtie huko bila kumwambia ataona nini?

Alichokisikia kina ukweli ndani yake, nisimdhulumu. Mwaka 2019 Marekani waliruhusu esketamini, dawa iliyotokana na ketamini, ya kupuliza puani, kwa watu wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyomtoka mtu, iliyokataa dawa nyingine. Sonona, si wahka. Na mgonjwa haendi nayo nyumbani: anajipulizia mbele ya mhudumu, anakaa si chini ya saa 2 akiangaliwa presha, na haendeshi gari mpaka kesho yake. Kwa wahka bado wanajaribu. Watafiti wa New Zealand waliwapa ketamini wagonjwa 12 ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Nafuu ilionekana ndani ya saa moja, ikadumu mpaka kiasi cha wiki. Basi hiyo sindano moja ya kumaliza wahka imetoka wapi? Atarudi kupigwa tena, na tena, na mwenye kuizoea dawa hii huharibika kibofu, akawa haja ndogo ni maumivu.

Linaloniuma ni kuwa kijana huyu amehangaika miaka yote hii bila ya mtu kumwambia kwamba wahka una tiba inayojulikana. Viko vidonge vya kila siku, vinataka wiki kadhaa mpaka vishike. Yako mazungumzo na mtaalamu, na kujizoesha kidogo kidogo lile unaloliogopa. Lakini kwetu ukimtajia mtu daktari wa akili anaona unampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu akafungiwe.

Alikubali kwenda kwa daktari huyo, Alhamdulillahi. Na kila Ijumaa alasiri mimi na yeye tunakwenda Mkoani. Wiki ya kwanza hatukuvuka geti. Ijumaa iliyopita alisimama gatini mpaka boti ya Unguja ikang'oa, ameikamata ncha ya buibui langu kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Naiomba Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ivifuatilie vichupa vya ketamini kutoka ghala mpaka kwa mgonjwa. Wakati wetu tulihesabu hata vichupa vitupu, na zamu haikukabidhiwa mpaka hesabu itimie. Kilichomo katika chumba cha uani kimetoka mahali, na mahali hapo panajulikana na mtu. Na madaktari wetu wa afya ya akili waje redioni wauzungumze wahka kwa jina lake hili hili, wataje na siku za kliniki zao kwa kila wilaya. Mkaguzi atakayetaka kunisikiliza, nitamweleza yote niliyoambiwa.

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba