Barua kwa mwanangu: hiyo faida inatoka wapi?

Mwanangu, asalaam aleykum. Huku Tanga tunaendelea vizuri, baba yako kifua kimepungua, mvua imekaza na mitaro ya Makorora imejaa. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu kila nikitaka kumaliza neno unanikatisha, na voisi najua utasikiliza nusu. Tafadhali soma yote, hata kama ni usiku kitandani hosteli, maana ulichonieleza kimeninyima raha na sio kwa ajili ya hela peke yake.

Nianze na tulipoishia. Ulisema umechukua 50,000 ya boom, hela ya mkopo wa chuo, umeweka kwenye ile programu aliyokuonesha mwenzako, kwenye simu inasoma 85,000, ila kuitoa huwezi mpaka upande levo, na ili upande levo unataka nikutumie laki 2 au utafute watu watano waingie chini yako. Mi nikakuuliza kitu kimoja tu, hiyo faida inatoka wapi. Tangu siku hiyo umenijibu mengi na yote nimeyasoma, nikayarudia, na baba angu hakuna hata moja lililogusa swali langu. Ndo nataka tuyaangalie hayo majibu moja moja, maana maisha yako yote utakutana nayo, leo programu, kesho kiwanja, keshokutwa kura.

La kwanza ulisema "mama wewe ni mwalimu, walimu hamjui biashara". Haya, mi mwalimu, nimefundisha hesabu miaka na miaka. Sasa chukua swali lilelile mpe mfanyabiashara mkubwa wa bandarini aulize yeye, jibu litabadilika? Halibadiliki, kwa sababu swali halikuwa kuhusu mimi. Mtu akiacha ulichosema akaanza kukusema wewe ujue swali limemshinda au hataki uliangalie. Mbona barazani ndo kila siku, mtu akisema Coastal Union mabeki wanavuja anaulizwa wewe umecheza timu gani, kwani yale magoli yaliingia au hayakuingia? Ila usije ukadhani kumwangalia msemaji ni kosa siku zote. Mwenzako uliniambia mwenyewe anapata kamisheni kwa kila anayemwingiza. Hiyo haithibitishi kwamba anadanganya, anaweza kuwa anaamini kabisa toka moyoni, lakini ina maana neno lake tupu halitoshi, alete na kitu kingine.

Afu ukasema chuo kizima wamo. Mwanangu, wingi wa watu unaonesha kwamba jambo limevuma, basi. 2011 nchi nzima ilikuwa inaenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha Babu, ile dawa ya miti ya mchungaji mstaafu iliyosemwa inaponya magonjwa sugu, kikombe sh 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, wakubwa kwa wadogo, wengine walitolewa wodini na ndugu zao wapelekwe, na wapo waliofia njiani hata kikombe hawajakiona. Kila aliyekwenda alikuwa anaangalia wengi waliomtangulia, na wa nyuma yake wanamwangalia yeye. Hakuna aliyekuwa ameshika jibu, wote walikuwa wameshika foleni.

Hapa ndo nataka ukae sana, kwenye zile skrinshoti. Ulinitumia mtu ametoa 300,000, mwingine 700,000, ukaniambia mama hizi sio hadithi, hawa nawajua. Mi nakubali. Naamini kabisa walilipwa, na hilo ndo linalonitisha. Biashara ya namna hii inawalipa wa mwanzo kwa hela za wanaofuata, lazima iwalipe, bila hivyo nani atapiga skrinshoti? Kwahiyo ushahidi wao ni wa kweli na bado haujibu swali. Na waliokosa hawapigi picha, wanaona aibu wanakaa kimya, we unaona waliopata tu unadhani ndo wote.

Boston kule Marekani 1920 kulikuwa na bwana anaitwa Charles Ponzi, aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, anasema ananunua kuponi za posta, vikaratasi vya kubadilisha na stempu, nchi ambazo ni rahisi anazibadilisha Marekani kwa bei kubwa. Watu walilipwa kweli, ndo maana wakazidi kumiminika. Sasa ikaja hesabu, ile niliyokuuliza mimi. Watu wa magazeti wakapiga wakaona ili hela zote alizochukua ziwe kweli zimeingia kwenye kuponi zingehitajika kuponi kama milioni 160, na zilizokuwa kwenye mzunguko zilikuwa kama 27,000 tu. Mwaka huohuo akaanguka. Miezi yote ile watu walikuwa wanaangalia nani kalipwa, hawakuuliza kuponi ziko wapi.

Na hapa kwetu tulikuwa na DECI, wewe ulikuwa mdogo hukumbuki. Watu walikuwa "wanapanda mbegu" na "kuvuna", yaani unatoa hela uje upewe zaidi, ndo lugha yao ilivyokuwa, na waliosimamia walikuwa wachungaji, sasa nani angesimama amuulize mtumishi wa Mungu mbegu inaota kwenye udongo gani? 2009 serikali ikaisimamisha, viongozi wakapelekwa mahakama ya Kisutu na baadae wakatiwa hatiani. Kwahiyo ukiniambia kuna ustadhi yumo, au kuna msanii anaitangaza, namheshimu ustadhi kwenye elimu yake na msanii kwenye muziki wake, lakini hapa hakuna aliyejua zaidi yako. Daktari akisema kuhusu presha namsikiliza, kaisomea. Huyo msanii kasomea nini kuhusu hiyo programu?

Sasa chukua kalamu. Umeambiwa uingize watu watano. Na hao watano kila mmoja atafute watano wake, wanakuwa 25, wale 25 kila mmoja watano, 125, endelea hivyohivyo mpaka mara 11. Ukijumlisha wote toka mtu wa kwanza unapata 61,035,156. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Yaani hatua 11 tu umemaliza nchi nzima, vichanga kwa vikongwe, mpaka bibi yako wa Lushoto asiye na simu. Na wale wa hatua ya mwisho peke yao ni 48,828,125, kama wanne katika kila watano, na wao watamwingiza nani? Rudia mwenyewe usiniamini mimi, na ukikuta nimekosea niambie. Simamisha hatua yoyote unayotaka, ya 4, ya 6, ukishavuka zile mbili tatu za mwanzo utakuta ni wanne katika watano, karibu kabisa, hawana mtu chini yao. Hiyo haitegemei nani mwaminifu nani tapeli, ni hesabu ya kuzidisha tu, na ndo maana inaniuma zaidi ukiniambia utawaingiza wenzako wa darasani.

Kuna lile la ofa inaisha ijumaa. Nenda pale soko la Mgandini uone, mteja akianza kusita anaambiwa imebaki hii moja kuna mama anaifuata. Labda kweli imebaki moja, lakini nguo huwa haiwi nzuri kwa sababu imebaki moja. Anayekuharakisha anataka uamue kabla hujauliza, basi. Kitu kizuri ijumaa kitakuwa kizuri na jumatatu.

Na ulipoandika "mama ukiogopa risk utakufa maskini", hiyo iliniuma kidogo nisikufiche. Angalia ilivyotengenezwa: milango miwili tu, uingie kwenye hii au uwe maskini mpaka ufe. Nani kasema ni miwili? Mi nipo kwenye kikoba hapa mtaani unakijua. Ukiniuliza faida ya kikoba inatoka wapi nakujibu sasa hivi bila kwenda kuuliza mtu: kuna mwenzetu alikopa laki 5 akaenda Muheza kuchukua machungwa, akauza, akarudisha na riba, ile riba mwisho wa mwaka ndo tunagawana. Kuna hatari pia, mwaka mwingine machungwa yanaozea njiani na mtu anasumbua kulipa. Lakini naona hela inapopita, naijua mpaka sura ya aliyeishika. Wewe ya kwako unaona namba inapanda kwenye kioo cha simu.

Afu mwenzako akakwambia "ingekuwa utapeli ingeshafungwa, hakuna aliyethibitisha". Hii nayo isikie vizuri. Wataalamu wa dunia nzima waliamini yule samaki silikanti alishatoweka zaidi ya miaka milioni 60, kwa sababu hakuna aliyemuona isipokuwa mabaki yake ya kale yaliyogeuka mawe. 1938 akavuliwa Afrika Kusini, mzima. Na kuanzia miaka ya 2000 wavuvi wetu wa hapa Tanga, kule Kigombe, wakawa wanamtoa kwenye majarife, mpaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Miaka yote ambayo hajaonekana yeye alikuwepo chini huko anaogelea. Kwahiyo kutoonekana ubaya sio kuthibitika uzuri. Anayeomba hela yako ndo mwenye kazi ya kuthibitisha, usikubali kubebeshwa wewe hiyo kazi.

Hizi hila sio mpya wala sio za mtandao. Aristotle yule Mgiriki zaidi ya miaka 2300 iliyopita aliandika kitabu kizima cha hoja za kudanganyia akataja aina 13, nenda maktaba hapo chuoni uulizie, uko sehemu ambayo wengi wetu tuliitamani.

Na haziko kwenye hela tu. Shangazi yako ameuziwa dawa ya presha kwenye basi, kijana kapanda na spika anasema ni ya asili kabisa haina kemikali kwahiyo haina madhara. Mtoto wa pwani unaambiwa hivyo unanyamaza? Bunju ni wa asili, katoka baharini hakutiwa chochote, na ukimla anaua. Shangazi akaniambia mbona nimekunywa siku tatu kichwa kimetulia. Nikamuuliza na vidonge vya hospitali uliacha? Akasema hapana, nameza kama kawaida. Sasa nani alimtuliza, na je kichwa si huwa kinauma na kuacha chenyewe? Kitu kuja baada ya kingine haitoshi kusema kimeletwa na hicho. Nimemwomba asiache vidonge vyake na amweleze daktari, hajanikasirikia.

Lakini usitoke hapa ukawa mtu wa kukata wenzako kila wakifungua mdomo, hoja potofu hoja potofu. Mtu anaweza kutoa sababu mbovu kwa jambo la kweli. Bibi yako anasema usilale na jiko la mkaa ndani kwa sababu wazee walikataza. Sababu yake haijitoshelezi, jambo lenyewe ni sahihi kabisa, hewa ya sumu ya mkaa unaowaka chumba kikifungwa inaua. Kwahiyo ukikuta hoja imepinda usiseme moja kwa moja jambo ni uongo, sema bado sijajibiwa, utafute sababu nyingine.

Ile 50,000. Najua ndo inayokushika, unaona ukiacha sasa umeipoteza. Mwanangu, ilishatoka. Iwe utatuma laki 2 au hutatuma yenyewe iko kulekule. Swali lililobaki ni la hiyo laki 2 peke yake, kama vile ndo leo unasikia habari hii mara ya kwanza, ungeitoa? Na jaribu kitu rahisi, iambie hiyo programu ichukue hiyo 85,000 yako wanayosema unayo iwe sehemu ya ile laki 2 ya levo, itakayobaki ndo udaiwe. Kama hela ipo kweli inashindikana nini? Nakuomba pia usimwingize mtu hata mmoja kabla hujapata jibu, hapo ndo itakuwa imehama kutoka kwenye hela yako kwenda kwenye hela ya mtoto wa mwenzangu.

Muulize mwenzako, kwa heshima, usimtukane wala usimwite tapeli, labda na yeye ameingizwa kama wewe: hiyo faida inatoka wapi, nani anauza nini kwa nani. Akijibu niandikie maneno yake yalivyo, nitakaa niyasome na baba yako. Laki 2 sitatuma. Hela ya chakula ya mwezi huu nimeshaiweka pembeni, jumatatu inshallah nikitoka shule nitakurushia, na shuka ulizosahau nitampa konda wa basi la asubuhi pale Kange, nitakutumia namba yake.

Mama yako