Barua kwa Baba na Mama, kule Kasuku, Nyandarua: ile ahadi ya harambee na mambo ya baada ya chuo

Wapendwa Baba na Mama, na Shosho, na nyote mlioko nyumbani,

Shalom. Mimi ni mzima, nawaombea nanyi uzima. Pasaka imepita salama, tunahesabu Omeri, zile siku za kuelekea sikukuu ya Shavuoti, na mahafali ni mwezi wa tano.

Kuna jambo limenikaa kooni, na nitalisema kwanza. Nimesikia kwamba kwenye harambee ya sinagogi Baba Mdogo alisimama akaahidi shilingi laki tatu kwa jina langu, za mabati na tangi la maji, eti binti yetu anamaliza chuo Marekani na ataanza kulipwa. Makofi yakapigwa, daftari likaandikwa. Hakuna aliyenipigia simu kwanza. Baba Mdogo ni mkubwa wangu, amenilea, na namheshimu. Lakini sisi Wayahudi si watu wa kuchezea maneno ya namna hiyo. Kila mwaka tunaingia Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho, kwa Kol Nidre, ile sala ya nadhiri, kwa sababu tunajua uzito wa nadhiri, na nadhiri huiweka mtu mwenyewe kwa kinywa chake. Imeniuma sana.

Naona huko mnadhani siku ya joho ndiyo siku ya mshahara wa kwanza. Acheni niwaeleze mambo yanavyokwenda.

Viza yangu ni ya mwanafunzi. Masomo yakiisha, nina siku 60 za kufunga mizigo na kuondoka, isipokuwa niwe nimeomba kibali cha kazi kinachoitwa OPT. Kibali hicho ni cha miezi 12, na kazi lazima ihusiane na nilichosomea. Ombi haliruhusiwi kutumwa mapema kuliko siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza masomo, wala kuchelewa kupita siku 60 baada yake. Kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni inaingiza pendekezo kwenye mfumo wa serikali na kukutolea fomu mpya ya I-20, ile ya kuthibitisha uanafunzi. Kuanzia pendekezo lile lilipoingizwa una siku 30 tu za kufikisha fomu ya I-765, ndiyo ombi lenyewe la kibali, kwa idara ya uhamiaji. Hapo ndipo wengi wanakwama: wanapewa I-20 mpya, mitihani inawameza, siku 30 zinapita, ombi linakataliwa na ada hairudishwi. Wengine wanaambatisha I-20 ya zamani isiyo na pendekezo, na hilo nalo linakataliwa. Ada yenyewe ilipandishwa mwaka 2024 ikafika dola 470 kwa anayetuma kwa mtandao, yaani karibu shilingi elfu sitini zetu.

Langu limepokelewa na stakabadhi ninayo, ila kadi ya kibali haijatoka. Bila kadi mkononi huruhusiwi kufanya kazi hata siku moja, hata kama mwajiri amekukubali na meza yako iko tayari. Ikishatoka, tarehe ya kuanza ikifika, hesabu nyingine inaanza: jumla ya siku 90 bila kazi na haki ya kukaa imekwisha. Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote zimo ndani ya hizo 90. Ndiyo maana tarehe yangu ya kuanza nimeisogeza mbele kadiri sheria inavyoruhusu. Kazi ikiwa angalau ya saa 20 kwa wiki inasimamisha hesabu, na hata ya kujitolea inakubalika. Basi Baba Mdogo aelewe: inawezekana kabisa nikawa kazini kihalali na nisilipwe hata senti.

Kwa kuwa nimesomea bayolojia, naweza kuongezewa miezi 24, mradi mwajiri awe amejiandikisha kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki vibali vya kazi, na atie sahihi mpango wa mafunzo. Maabara ndogo nyingi hazijajiandikisha, kwa hiyo swali hilo ni la kuuliza mapema kabla ya kusifia kazi. Baada ya hapo kuna viza ya kazi ya H-1B, ambayo mwajiri anakuandikisha mwezi wa tatu na majina yanachujwa: nafasi 65,000 kwa mwaka, na 20,000 nyingine kwa wenye shahada ya juu ya hapa. Mimi nina ya kwanza tu.

Nyumba nayo. Mabweni yanafungwa baada ya mahafali, na mikataba mingi ya nyumba Boston inaanza tarehe 1 mwezi wa tisa. Mwenye nyumba anaweza kudai kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho, na amana ya mwezi mmoja, zote kabla hujapewa ufunguo. Msiwe na wasiwasi juu ya majira ya joto, nimeshapata pa kukaa.

Na mwezi wa nane siji. Najua Shosho ameshawaambia majirani. Ukitoka nchini kadi haijatoka, au imetoka na huna kazi, afisa wa mpakani anaweza kukukatalia kurudi. Mwambieni taratibu.

Sasa niwape ya kufurahisha. Tasnifu yangu imepita kwa heshima za juu kabisa, na jina la kwetu litachapwa kwenye kitabu cha mahafali. Niliandika juu ya ule ugonjwa wa mabaka meusi kwenye majani ya viazi, ndio huo huo ulioleta njaa ya Ireland kuanzia mwaka 1845. Maprofesa waliuliza maswali juu ya Shangi, ile aina ya viazi vyetu, kana kwamba ni mgeni wa heshima, na hakuna aliyeijua kuliko mtoto wa Nyandarua. Baba, nakuomba jambo moja msimu huu: dawa ya mancozeb ipulizwe kabla mabaka hayajaonekana, kila baada ya siku 7 hadi 10 mvua ikiwa nyingi. Dawa hiyo inakaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ugonjwa zisiote. Ukishaingia ndani ya jani, mancozeb haiwezi kuutoa. Ndiyo sababu jirani anapuliza sana na bado anapoteza shamba. Majani yakishaungua, yakate na kuyaondoa shambani, na subiri wiki mbili ndipo uchimbe, ngozi ya viazi ikomae.

Mama uliuliza kama Shabati naishika au chuo kimenipoteza. Naishika, Mama. Milango ya mabweni hapa inafunguka kwa kadi ya umeme, na Shabati hatuwashi umeme, kwa hiyo anayeshika Shabati anaiandikia ofisi ya nyumba mapema, kabla vyumba havijagawiwa, aombe kufuli la ufunguo wa chuma na chumba cha ghorofa ya chini. Taa za chooni zinajiwasha zikihisi mtu. Fundi wa jengo anaziweka ziwake mfululizo kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumamosi usiku. Akisahau, itabidi utumie choo cha jengo jingine. Kilicho kigumu kuzoea ni jua. Huko Kasuku, karibu na Ikweta, mwaka mzima unajua mishumaa inawashwa baada ya saa kumi na mbili jioni. Hapa mwezi wa kumi na mbili inawashwa kabla ya saa kumi alasiri, kwa sababu jua linazama saa kumi na robo hivi na tunawasha dakika 18 kabla. Mwezi wa sita inasogea hadi baada ya saa mbili usiku. Ijumaa za baridi kipindi cha maabara kinagongana na Shabati moja kwa moja, na ni vizuri mwalimu aambiwe wiki ya kwanza ya muhula, siyo asubuhi ya siku yenyewe.

Hilo linaingia hadi kwenye kazi. Sikukuu zetu zisizo na kazi, ukizihesabu kama wanavyozishika nje ya Israeli, ni siku 13 kwa mwaka: Rosh Hashana mbili, Yom Kipuri moja, Sukoti na mwisho wake nne, Pasaka nne, Shavuoti mbili. Likizo ya mwajiriwa mpya hapa mara nyingi ni siku 10. Mwaka ambao sikukuu zinaangukia katikati ya wiki, likizo yote inaishia kwenye ibada, na ya kuja nyumbani haibaki. Sheria ipo upande wetu kiasi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Gerald Groff, mfanyakazi wa posta aliyekataa kazi ya Jumapili, iliamua kwamba mwajiri hawezi kukataa kwa usumbufu mdogo tu. Aonyeshe mzigo mkubwa kweli kwa biashara yake. Wenzangu wengi hawaitaji Shabati kwenye mahojiano ya kazi. Wanangoja barua ya kuajiriwa itoke ndipo waandike ombi lao. Mimi naona ni busara.

Baba, ulichoandika juu ya urabi nimekisoma kwa heshima na sijakitupa. Unamtaja Rabi Gershom Sizomu, na mfano wake ni mkubwa: aliondoka Uganda mwaka 2003, akasoma Los Angeles, akapewa urabi mwaka 2008, akarudi Nabugoye kuwatumikia Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, na mwaka 2016 akachaguliwa Bungeni. Ila tazama miaka ile, Baba. Mitano, ya Kiebrania na Talmudi asubuhi hadi usiku, na katika muda wote huo hakuna wa kuwatumia fedha za mabati. Hamwezi kunitaka niwe rabi na wakati huo huo niwe benki. Mjomba naye anataka nibaki huku hadi nizeeke, na Shosho anataka harusi. Mimi mwenyewe sijui bado, na nalisema bila aibu. Kuna wakati naona moyo wangu uko Tigoni, kwenye kituo cha utafiti wa viazi, saa chache tu kutoka nyumbani, nikija Kasuku kila Shabati. Kuna wakati nataka shahada ya pili kwanza. Mnipe nafasi ya kuamua.

Mama, ile hala, mkate wa Shabati, uliyosema inaanguka. Tumia pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2, mayai 5, mafuta ya kupikia robo lita, sukari gramu 200, chumvi gramu 35, na maji ya uvuguvugu robo tatu lita, uongeze kidogo kidogo. Hamira mimi huku naweka gramu 20. Huko juu milimani weka 15. Mwinuko wa kwetu unafanya unga uumuke kwa nguvu kisha ukate tamaa ndani ya tanuri, na ndiyo sababu ya kuanguka. Usiangalie saa. Bonyeza kwa kidole. Alama ikirudi polepole, suka na uoke. Yai lenye damu litupe. Usitie siagi wala maziwa, maana mkate huo unaliwa na nyama. Kwa sheria yetu, kwa kilo 2 unatenga kipande cha unga uliokandwa chenye ukubwa wa zeituni na kubariki, kisha unakichoma. Ukikanda chini ya kilo moja na robo hivi, hutengi.

Nimetuma shilingi elfu ishirini kwa M-Pesa ya Mama. Kwanza ni karo ya kitindamimba, shule isije ikamrudisha. Itakayobaki ipelekwe sinagogi, iandikwe kwenye daftari kama nilichotoa, na ile laki tatu ifutwe mbele ya kikao kile kile ilikotamkwa. Baba, nakuomba ulisimamie wewe mwenyewe kabla ya Shavuoti. Na Baba Mdogo anipigie Jumapili, saa tatu usiku ya huko, tuzungumze kama mtu na mwanawe.

Shabati njema ikifika.

Binti yenu,
Boston