Barua kwa shangazi: makopo manne na kidonge cha kolesteroli

Shikamoo shangazi,

Picha ya makopo uliyotuma nimeikuza nikasoma lebo moja baada ya nyingine. Umeuliza lipi kati ya hayo manne litachukua nafasi ya atorvastatin, dawa yako ya kushusha kolesteroli. Hakuna, shangazi. Tafadhali usiache kidonge chako cha usiku. Ila kopo moja lina kazi ya kweli, na jingine limenitia hofu.

La kazi ni lile la isabgol. Ni maganda ya mbegu za ispaghula. Ukiyatia maji huvimba na kuwa utelezi mzito kama mlenda. Utelezi huo hunasa nyongo ndani ya utumbo na kutoka nayo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na malighafi yake ni kolesteroli, ambayo huivuta kutoka kwenye damu. Ndivyo LDL, yaani kolesteroli mbaya, inavyoshuka, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 10, hata kwa mtu ambaye tayari anatumia dawa.

Kiasi kinacholeta matokeo hayo ni kama gramu 10 kwa siku, lakini usianze nazo. Wiki ya kwanza tumia gramu 3, ya pili gramu 5, kisha 5 asubuhi na 5 jioni. Wanaoruka hatua hizi tumbo hujaa gesi, na siku ya tatu kopo linarudi kabatini. Vijiko havilingani, kwa hiyo mara ya kwanza pima kwa mizani ya jikoni ujue chako kinabeba gramu ngapi. Weka maji mililita 250 kwenye glasi, nyunyiza, koroga, unywe hapo hapo, maana ukienda kuangalia sufuria jikoni utarudi ukute imeganda. Kunywa na glasi nyingine ya maji juu yake. Usiibwie kavu hata siku moja: huvimba kooni ikamkaba mtu, na maji yakiwa machache huziba choo badala ya kukilainisha. Mwenye shida ya kumeza, au aliyewahi kuziba utumbo, asiitumie kabisa. Na kwa kuwa utelezi huo hunasa hata dawa, acha nafasi ya saa mbili kati yake na vidonge vyako.

Usishawishiwe kununua ya kapsuli. Kapsuli moja hubeba karibu nusu gramu. Kufikisha gramu 10 utameza 20 kila siku.

Sasa lile la hofu, lililoandikwa red yeast rice. Ni mchele uliochachushwa kwa kuvu hadi ukawa mwekundu, na kuvu hiyo hutengeneza monakolini K. Kikemia hiyo ni lovastatin yenyewe, ya ukoo mmoja na dawa yako. Ukoo huo wa dawa za kolesteroli huitwa statini. Kwa hiyo unameza statini mbili: moja umepimiwa, nyingine kiasi chake hukijui, maana hutofautiana sana kopo hadi kopo. Statini zikizidi huumiza misuli: ya mapaja au mabega ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Isitoshe, baadhi ya kuvu hizo hutoa sitrinini, sumu inayoumiza figo. Umoja wa Ulaya tangu 2022 umetaka monakolini katika dozi ya siku ziwe chini ya miligramu 3. Na Machi 2024 nchini Japani vidonge vya aina hii viliondolewa madukani baada ya watumiaji kupata maradhi ya figo. Acha kulitumia leo, na usimgawie jirani.

Makopo mawili yaliyobaki, la vidonge vya kitunguu saumu na la vidonge vya sterol za mimea (vitu vya mimea vinavyofanana na kolesteroli), sina mengi ya kuyasemea. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa 2022, watu 190 kwa siku 28, vyote viwili havikushusha LDL kuliko kidonge kisicho na dawa. Sterol kwenye tafiti nyingine hushusha kiasi, kwa gramu 2 kwa siku pamoja na mlo, ila bei yake ni kubwa. Hela hiyo nunua isabgol na maharage. Kitunguu saumu endelea kukipika. Vidonge vyake huweza kuongeza kutoka damu, hivyo atumiaye warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji avikwepe.

Kwa presha, ile choya yako, kinywaji cha maua ya rosela, ni nzuri. Utafiti mmoja wa 2010 uliwapa watu vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6, na namba ya juu ya presha ikashuka kwa wastani wa 7, wakati wasioinywa ilishuka kwa 1 tu. Kinachoiharibu ni sukari ya vikombe viwili kwenye jagi moja. Ichemshe na tangawizi, unywe bila sukari. Ukianza kuona kizunguzungu unaposimama, pima presha na umweleze daktari, kwa sababu inajumlishana na dawa zako.

Kabla ya kuanza isabgol pima mafuta ya damu, kisha rudia baada ya wiki 8, maabara ile ile. Katikati usiongeze kitu kipya, usije ukashindwa kujua nini kimefanya kazi. Siku ya kliniki beba makopo yote manne kwenye mfuko. La mchele mwekundu usilitupe kwanza. Daktari asome lebo, na umwambie umelitumia siku ngapi.