Maziwa ya shule: kabla hamjaanza

Iringa

Mwalimu, rafiki yangu,

Habari za Tukuyu? Huku baridi imeshika, ila sote tu wazima.

Umeuliza kama shule yenu iwape watoto maziwa. Anzeni, lakini iwe ratiba, isiwe sherehe. Shule nyingi hunywesha watoto Jumatano ya mwisho ya Septemba, Siku ya Unywaji Maziwa Shuleni, kisha vikombe vinarudi stoo hadi mwaka mwingine. Mtoto hajengwi na kikombe kimoja kwa mwaka.

Usisubiri halmashauri inunue. Ile shilingi 1,000 ya lishe inayotengwa kwa kila mtoto ni ya walio chini ya miaka 5. Chakula cha shuleni huchangiwa na wazazi, kwa hiyo pelekeni hesabu kwenye kamati ya shule na mkutano wa wazazi. Mililita 200 kwa mtoto maana yake wanafunzi 300 wanataka lita 60. Mchango ukiwa mdogo, anzeni na awali na darasa la kwanza, siku mbili kwa wiki bila kukosa. Mkiahidi kila siku mtakwama kiangazi, majani yakipungua na maziwa yakipungua nayo.

Mpokeaji wa maziwa mchagueni kwa makini. Akatae madumu ya plastiki, maana mikwaruzo ya ndani huhifadhi vijidudu hata yakisuguliwa. Maziwa yaje kwenye keni za alumini. Ayakoroge, kisha atumbukize laktomita, kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa maziwa, yakiwa na nyuzijoto 20. Isome kati ya 28 na 32. Ikishuka, kuna maji. Ila asiiamini peke yake: maji hushusha kipimo, kuengua krimu hukipandisha, na anayefanya yote mawili atapita bila kushikwa. Kituo cha kukusanyia maziwa kiwapimie mafuta mara kwa mara. Pia achanganye maziwa kidogo ya kupimia tu na spiriti ya asilimia 70, kiasi sawa kwa sawa, kisha ayamwage. Yakiganda vipande vipande, yameanza kuchacha, na yakichemshwa yatakatika.

Yachemsheni yote, hata ya ng'ombe wa mwalimu mkuu. Bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, magonjwa yanayopita kwenye maziwa mabichi, havionekani kwa macho. Wanywe saa nne, siku hiyohiyo. Yanayobaki yasilale sufuriani. Mtoto anayejaa gesi au kuharisha apewe nusu kikombe pamoja na uji, au mtindi.

Jambo moja wazazi walisikie wazi: maziwa ya shule hayafuti udumavu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliikuta Iringa na asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka 5 waliodumaa, wakati taifa ni 30, na huu ni mkoa wenye mahindi tele. Udumavu hujengeka tangu mimba hadi miaka miwili. Kikombe cha darasani huongeza protini, kalisi na vitamini B12, lakini madini chuma yake ni kidogo mno. Kwa hiyo maharage, dagaa na mboga za majani visiondolewe sahanini kwa kisingizio cha maziwa, na unga wa shule uwe dona.

Niandikie idadi ya wanafunzi na bei ya lita hapo kwenu, nikupigie hesabu ya mchango wa kila mzazi kabla ya mkutano.

Rafiki yako