Mafundi wenzangu, tupime kabla ya kubadilisha betri

Mhariri,

Nina miaka 19 katika kazi ya umeme wa magari hapa Mwanga, Kigoma. Naomba nafasi niseme jambo linaloniuma.

Mwezi uliopita nililetewa gari la watalii, yale ya kulala humohumo: vitanda, jiko la gesi, friji, pampu ya maji. Mzee na mkewe walitokea Mpanda kupitia Uvinza, wakitaka kuliacha hapa wapande boti ya Gombe. Friji ikiwaka, taa za ndani zinafifia, kisha friji inajizima. Njiani walishauziwa betri mpya, na tatizo likabaki vilevile.

Betri ilikuwa na volti 12.6, imejaa. Nikawasha friji, nikapima kwenye nyaya zake: 10.9. Mguu mmoja wa mita nikauacha kwenye chanya ya friji, wa pili nikauhamishia kwenye hasi ya betri. Ikasoma 12.3. Basi volti 1.4 zilikuwa zinapotelea kwenye athi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia chuma cha gari. Chini ya kitanda nikakuta bolti ya athi imefungwa juu ya rangi ya chasi, imelegea kwa mtikisiko, ina kutu. Nikaikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Kazi ya nusu saa. Betri yao ya zamani walikuwa bado nayo. Niliichaji usiku kucha, ikaonekana nzima.

Ukipima friji ikiwa imezimwa, utaona 12.6 na utaapa waya hauna kosa. Athi mbovu haijulikani mpaka umeme upite.

Lakini kilichonitoa jasho ni fyuzi ya pampu. Ilikuwa ya ampea 10. Mtu kaitoa, kasokota waya wa shaba mahali pake. Fyuzi imewekwa ikatike kabla waya haujaungua. Ukiweka shaba, siku pampu ikikwama utaungua waya wenyewe, katikati ya mbao na godoro, mtungi wa gesi uko hatua moja, na watu wawili wamelala. Ganda la waya lilishaanza kulainika. Nilimwonyesha yule mama, akakaa chini kimya.

Siwasemei watalii tu. Madereva wetu wa malori wanalala kabini na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, iliyoungwa betrini bila fyuzi yoyote. Inveta ikivuta wati 600 kwenye volti 24, ni ampea 25 zinapita kwenye waya ambao mara nyingi ni mwembamba kama wa spika.

Mafundi wenzangu, mita ya kawaida haifikii bei ya betri moja. Nunueni. Nanyi wenye magari, fundi akisema betri imekufa, mwambieni apime mbele yenu, vitu vikiwa vimewashwa. Na fyuzi ikikatika mara mbili, msikubali iwekwe kubwa zaidi, atafute kinachoikata.

Fundi umeme wa magari,
Mwanga, Kigoma